Sada Akataa Mbili

Miguu ya Sada ilikuwa imekufa, na mtaa mzima ulilijua hilo isipokuwa miguu yenyewe. Daktari aliichoma kwa pini kuanzia kiunoni hadi kwenye vidole, akawa anauliza, "Unasikia? Na hapa?" naye akawa anajibu hasikii. Ungeweza kumwekea kaa la moto gotini, akaliona kwa macho tu. Lakini ndani, huko ambako pini haifiki, miguu hiyohiyo ilikuwa inaungua mchana kutwa na usiku kucha, na hakukuwa na wa kumwamini.

Aliangukia Chalinze. Alikuwa mfanyabiashara wa mananasi, mwanamke wa Kikwere kutoka Mkange mwenye sauti ya kusimamisha basi la mikoani, na siku hiyo alipanda juu ya Fuso kuwaonyesha wapakiaji namna nanasi linavyopangwa, maana kwa maoni yake hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kupanga nanasi. Turubai lilikuwa limelowa mvua. Akateleza, akaangukia mgongo, na uti wa mgongo ukakatika hapo. Baada ya hapo akawa anaishi Bagamoyo kwa kaka yake Maulidi, fundi seremala, na wifi yake Zuhura. Mume naye alikuwepo, ila alikwishajipatia mke mwingine huko Mandera hata kabla Sada hajatoka hospitali, nasi hatutampotezea wino.

Zuhura hakuwa mtu mbaya, na isidhaniwe hivyo. Alimwogesha wifi yake, alimgeuza ubavu ili asipate vidonda, alimpikia na kumfulia bila kununa. Lakini alipomsikia akiugulia aliitazama ile miguu, akaiona imetulia tuli kama magogo, akajisemea kwamba wifi anadeka. Siku moja akamwambia jirani yao Bi Mize, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Sasa mguu uliokufa unaumaje, jamani?" Sada alikuwa chumbani, na masikio yake hayakuwa yamevunjika. Kuanzia hapo, mwanamke ambaye hajapata kumnyamazia mtoza ushuru wala trafiki akapiga kimya.

Tena mgonjwa wa pwani ana adabu yake. Watu wakija kukutazama watakuuliza hali, nawe utajibu alhamdulillah, naendelea vizuri, hata kama roho imekufika kooni. Ukijibu vinginevyo umelalamikia kudra ya Mungu, umemchosha mgeni, na umewapa majirani maneno ya kwenda nayo bombani. Sada alilelewa hivyo na mama yake, na mama yake alilelewa hivyo na bibi yake. Mdomo wake uliweza kumvua nguo dalali yeyote wa Chalinze, lakini alipoulizwa "Umeamkaje?" ulijibu wenyewe, "Salama," kabla yeye hajaamua lolote.

Basi wakaja watu wa utafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Walikuwa wanatafuta waliovunjika uti wa mgongo, pwani yote kuanzia Bagamoyo kwenda juu, ili wajaribu dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu. Makubaliano yalikuwa wazi: dawa ikionekana inasaidia, itafunguliwa kliniki ya maumivu papa hapa Bagamoyo na wagonjwa watakuwa wanaipata siku zote. Isipoonekana kusaidia, utafiti utafungwa na kila mtu arudi na lake. Aliyetumwa nyumba kwa nyumba alikuwa Sixbert, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, kijana mrefu aliyechomekea shati hata kwenye jua la saa nane.

Siku ya kwanza Zuhura alimtandikia mkeka wa wageni. Majirani waliposikia kuna mtu wa chuo kikuu, wakaja kumsaidia Sada kusikiliza. Bi Mize akajipatia nafasi kando ya mlango. Sixbert akaamkia watu wote, akamgeukia mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo, mama." Kisha akafungua kishikwambi chake, akasoma kama alivyofundishwa, neno kwa neno. "Sifuri ni kutokuwa na maumivu kabisa. Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Kwa wiki hii iliyopita, maumivu yako yalikuwa kiasi gani?"

Macho yote yakamgeukia Sada. Zuhura alikuwa ameshika kikombe cha chai ya mgeni, anasubiri. Wakati huohuo miguu ilikuwa inaungua kiasi kwamba jasho lilimchuruzika mgongoni, lakini mgeni yuko kwenye mkeka, majirani wako mlangoni, na wifi yuko pale na chai yake.

"Mbili," akasema Sada. "Tunamshukuru Mungu."

Bi Mize akatikisa kichwa kwa kuridhika, akiona kwamba huyo ndiye mgonjwa mwenye adabu. Sixbert akaandika mbili, akashukuru, akanywa chai.

Vidonge vikaanza. Mwanzoni vilimlewesha, akawa anasinzia na kijiko mkononi. Baadaye mwili ukavizoea, na Sada akaona jambo ambalo alikuwa amekwishakata tamaa nalo: ule moto ulipungua. Haukuzimika, la, ila ulikuwa kama jiko lililofunikwa majivu, mtu anaweza kukaa karibu nalo na kufanya shughuli zake. Akaanza kulala. Akaanza kubishana na Zuhura kuhusu chumvi ya mchuzi. Akachukua simu, akawapigia wakulima wa Mkange na madereva wa Chalinze, na kabla watu hawajajua kinachoendelea alikuwa anauza mananasi kutoka kitandani na kuwagombeza wapakiaji asiowaona. Maulidi akawa anacheka karakanani kwake, anawaambia wateja kwamba dada yake amerudi.

Sixbert alipokuja mara ya mwisho, mkeka ulikuwa uleule na watu walewale. Akasoma swali. Sada, ambaye kweli alikuwa na ahueni na kweli alikuwa na shukrani, akajibu kwa moyo mweupe, "Mbili, alhamdulillah."

Kisha ikaja siku isiyokuwa na mkeka. Zuhura alikuwa uani anaparua samaki, majirani walikuwa kwenye shughuli zao, na Sixbert akasimama mlangoni akiwa na pakiti ya mwisho ya vidonge na uso wa mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba.

"Mama, nimekuletea mwaliko wa mkutano wa kusoma matokeo, kule Mbegani. Na hizi dawa ndizo za mwisho."

"Za mwisho kivipi?"

"Matokeo hayakuonyesha tofauti yoyote." Akakaa kwenye kigoda. "Wagonjwa karibu wote walianza na moja, na mbili, na tatu. Wamemaliza hivyohivyo. Profesa anasema dawa haiwezi kushusha maumivu ambayo hayapo. Na kliniki haiwezi kujengwa kwa watu wasioumwa."

Sada alimtazama. Hasira ilimpanda kutoka pale ambapo mwili wake uliishia kusikia, ikafika kichwani, na haikujua imkamate nani, kwa sababu ile mbili aliisema yeye kwa mdomo wake. Ikabidi imkamate aliyekuwa karibu.

"Hivi wewe kwenu wapi?"

"Tabora, mama. Sikonge."

"Mnyamwezi?"

Sixbert akainamisha macho. "Ndiyo, mama."

"Mnyamwezi!" Sada alipiga kofi ukingo wa kitanda. "Umekaa kwenye mkeka wangu muda wote huo, unaniamkia shikamoo kama mkweo, kumbe mtani wangu!"

Asiyejua utani wa Wakwere na Wanyamwezi na aelezwe kwa ufupi. Wanyamwezi walishuka pwani hii na misafara, mizigo vichwani, na tangu zama hizo wao na wenyeji wa huku ni watani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako. Atakuja msibani kwako ajilaze ndani ya kaburi mpaka umpe chochote ndipo atoke, na wewe huna ruhusa ya kununa. Kwa mtani hakuna adabu ya mgonjwa wala ya mfiwa. Ndiyo maana Sixbert alikuwa ameonywa na profesa wake asitaje kabila kwenye nyumba ya mtu: maswali yasomwe kama yalivyoandikwa, kwa kila mtu, kwa sauti ileile.

"Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka huko kwenu mpaka hapa Bagamoyo na hakudondosha hata moja," alisema Sada. "Wewe umepewa maneno yangu tu uyabebe mpaka Dar, tena ndani ya gari, umeyaangusha njiani. Mpagazi gani wewe?"

Sixbert akatazama mlangoni kana kwamba profesa amesimama hapo. Kisha likamtoka lile aliloliziba siku zote.

"Mzigo wenyewe ulinipa mtupu, Mkwere wee! Nimekuuliza kwa heshima zote, ukanipa mbili. Sasa kama hiyo miguu imekufa, si mseme tuizike? Kuchimba ni kazi yangu mimi mtani. Nitaizika hapo chini ya mpapai, ubaki na kiwiliwili cha kulia ubwabwa."

Angeyasema mtu mwingine yeyote, angepigwa bakuli la uso. Sada aliangua kicheko, akacheka mpaka khanga ikamvuka kichwani, na katikati ya kicheko hicho maneno yakaanza kumtoka, na yalipoanza hayakuzuilika.

"Izike! Ishike kwanza uone kama hutaacha ngozi ya viganja humo. Unajua ilivyokuwa kabla ya vidonge vyako? Kuna mtu amekaa ndani ya miguu yangu anachoma mkaa. Vidole vinatwangwa kinuni, na nikivitazama viko palepale havijaguswa. Nachomwa pini sisikii, halafu naungua! Niambie wewe uliyesoma, huo ni uungwana? Nimeuma khanga nisipige kelele mpaka khanga imetoboka. Nimetamani kufa, Sixbert, halafu nikaogopa hata kuomba, maana nikiomba nitaambiwa nadeka. Mbili? Ilikuwa tisa, baradhuli we! Siku za mvua ilikuwa kumi!" Hapo alikuwa analia, wala hakujificha.

"Na sasa?" Sixbert aliuliza. Utani ulikuwa umemwishia.

"Sasa ni nne. Nne ninaiweza. Kwa nne nalala, kwa nne nauza mananasi. Na hiyo nne ndiyo mnataka kuninyang'anya."

Sixbert alikuwa amekwishashuka kwenye kigoda, amekaa sakafuni. Alimweleza taratibu kwamba anachokisikia si cha kubuni na wala si shetani. Uti ukikatika, habari za miguu hazifiki tena kwenye ubongo, na ubongo unabaki kama redio iliyopoteza stesheni. Redio ya namna hiyo hainyamazi. Inakoroma, tena kwa sauti ya juu kuliko wimbo wenyewe, na mkoromo huo ndio moto wake.

"Mbona hukunieleza toka siku ya kwanza?"

"Uliniambia mbili."

Zuhura alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, kisu mkononi, magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amesikia yote. "Wifi," alisema, "mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasema. Ukamuuliza Bi Mize mguu uliokufa unaumaje."

Zuhura alirudi uani, na kisu hakikusikika tena kikiparua. Baada ya muda alikuja na mikono iliyooshwa kwa sabuni, akakaa mwisho wa kitanda, akaipakata miguu ya wifi yake mapajani. Sada hakuweza kuusikia ule mkono, lakini aliuona, na aliuacha ukae hapo.

Sixbert hakuondoka mjini siku hiyo. Alikwenda Kaole kwa Mwinjuma, mkwezi wa minazi aliyeanguka na miguu yake ikafa, mzee mpole aliyekuwa ametaja moja mwanzo na moja mwisho. Safari hii Sixbert alimwomba mkewe awapishe, akafunga mlango, akajitambulisha kabila, akamuuliza huko juu ya mnazi alikwenda kuangua madafu au kulala. Mwinjuma alimrushia kandambili, akamwambia nane, akamwambia na mengine ambayo mkewe hajapata kuyasikia. Sixbert akaenda kwa wengine pia. Kila mlango uliofungwa ulitoa namba tofauti na ile ya mkekani. Akampigia simu profesa wake akiwa na furaha tele, na baadaye akampigia Sada akiwa hana furaha tena.

"Amekataa."

"Nipe namba yake," akasema Sada.

Profesa Klementina alipokea mara moja. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mwalimu aliyekulia misheni, asiyehitaji kufoka ili darasa linyamaze.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba, mama Sada. Hujambo?"

"Sijambo," akasema Sada, na alipolisikia neno hilo likimtoka alitamani kujing'ata ulimi.

Profesa hakumdharau. Alimweleza kwa uvumilivu kwamba majibu yakishafungwa hayafunguliwi. Kwamba mtu akishatumia dawa miezi yote, kisha akaambiwa dawa inaondoka, ana kila sababu ya kusema mwanzoni alikuwa anaumwa zaidi. Kwamba mtu anayetaniwa mpaka anacheka na kulia, akitaja tisa, hakuna ajuaye kama ni maumivu au ni utani. "Nikikuruhusu wewe kubadilisha namba zako kwa sababu nakuhurumia, mama, kesho mwenye kiwanda cha dawa atataka nimbadilishie zake kwa sababu ni tajiri. Nitamkataliaje?"

Maneno yale yalikuwa ya haki, na hilo ndilo lililomkera Sada zaidi. Angekuwa anashindana na mtu mwongo angejua pa kumshika.

"Karibu sana Mbegani," akamalizia Profesa. "Tutafurahi ukija."

Akaenda. Maulidi alikodi bajaji, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kupita mchanga mpaka kwenye ukumbi uliokodiwa kwa ajili ya shughuli ile. Viti vya magurudumu vilikuwa vimepangwa nyuma, wageni mbele: mtu wa wizara na koti lake, wafadhili, watu wa magazeti. Sixbert alikaa pembeni kabisa. Alikuwa ameambiwa asikilize tu.

Profesa alikuwa mwanamke mtu mzima, kitenge cha heshima, msalaba mdogo shingoni. Alipita kwa wagonjwa wote akiwapa mkono, na kila aliyefikiwa aliinama kidogo akaamkia. Akamfikia Sada, akanyoosha mkono, akangoja, maana yeye ndiye mkubwa na shikamoo ilikuwa ni ya Sada kuitoa.

Sada hakuitoa. Alimtazama usoni, midomo kafunga.

"Hujambo, mama Sada?" Profesa akamsaidia.

Kimya. Maulidi alimgusa bega dada yake, akamgusa tena. Watu walio karibu wakageuka. Maulidi alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na kile kiti. Profesa akaurudisha mkono wake taratibu, akapita kwa mwingine, masikio yamemwiva.

Taa zikapunguzwa, picha zikatupwa ukutani. Profesa akaeleza vizuri, kwa Kiswahili safi kila mtu aelewe. Mistari miwili ya maumivu, wa mwanzo na wa mwisho, ilikuwa imelala karibu na chini kabisa. Akasema wagonjwa wa ukanda huu wameonekana kuwa na maumivu madogo, labda kutokana na imani yao na malezi ya familia zao, na kwamba hilo ni jambo la kujifunza. Mtu wa wizara akatikisa kichwa, akaandika. Profesa akageukia nyuma, akatabasamu kwa dhati.

"Tunawashukuru sana ndugu zetu. Hakuna aliyelazimishwa. Kila mmoja alishiriki kwa hiari yake, na kwa hiari yake angeweza kujitoa wakati wowote, hata leo hii, bila kutakiwa kutoa sababu."

"Hata leo?"

Watu wakageuka. Sada alikuwa tayari amekwishaanza kukisukuma kiti chake katikati ya ukumbi. Alipita kati ya wafadhili, akakisimamisha baina ya mashine ya picha na ukuta, na ile mistari miwili ikamwangukia kifuani na usoni.

"Hata leo, mama," akasema Profesa.

"Basi mimi najitoa. Nipe mbili yangu."

Kuna waliocheka. Sada akawasubiri wamalize.

"Nimekunyima shikamoo pale nyuma, na watu wameona, na kaka yangu ameaibika. Si kwamba sina adabu. Nimekunyima kwa sababu adabu ndiyo imetufikisha hapa. Umeniuliza hujambo; ningefungua mdomo ningekujibu sijambo, na hiyo sijambo yangu ndiyo uliyoitundika ukutani. Mtu wenu aliniuliza nikiwa na majirani mlangoni na wifi yangu kashika chai. Nani hapa angemwambia mgeni ukweli mbele ya chai? Ulinieleza kwenye simu kwamba jibu la utani haliaminiki, huenda mtu anacheza. Nimekaa nalo hilo, Profesa. Nimeona una haki. Sasa niambie na mimi: jibu la adabu je? Hilo mbona uliliamini palepale?"

Hakuna aliyecheka tena.

"Nilikuwa naungua," Sada akaendelea, na sasa ilikuwa ile sauti ya Chalinze, isiyohitaji kipaza sauti. "Siwaombi mnipandishie namba. Namba zenu sizitaki. Nataka jina langu litoke humo, ili asije mtu akasoma kitabu chenu akasema Sada wa Mkange haumwi."

"Na moja yangu irudi," akasema Mwinjuma kutoka nyuma, kwa upole wake uleule. Mwanamke mmoja wa Chalinze akadai tatu yake. Kijana mmoja ambaye Sada hakumjua alinyanyua mkono tu bila kusema, kisha mikono mingine ikafuata, na mmoja wa wafadhili akafunika kalamu yake. Sixbert alikuwa anatazama sakafu.

Profesa alishuka jukwaani. Alikuja mpaka kwenye kiti cha Sada, akainama, akapunguza sauti, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba kila neno lilifika nyuma. Hakuwa na hasira. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, wasiwasi wa daktari.

"Mama Sada, nisikilize. Ukijitoa leo, hata hivyo vidonge vilivyobaki sina ruhusa ya kuendelea kukupa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Ukikaa bila dawa ghafla hivi utaumwa sana. Utaumwa vibaya mno, mama."

Sada hakupandisha sauti. Hakuwa na haja hiyo tena.

"Mimi nina mbili, Profesa," alisema. "Nitaumwaje sana?"

Profesa Klementina alibaki ameinama, mkono kwenye kiti. Alimtazama Sada, kisha akageuka akatazama ile mistari yake ukutani, muda mrefu kuliko alivyoitazama wakati wa kuisoma. Aliposimama wima alikwenda kwenye mashine, akaizima, na ukuta ukawa mweupe.

"Ripoti hii naiondoa," aliwaambia wageni. "Tulichopima si maumivu. Tutaanza upya." Mtu wa wizara akauliza vipi kuhusu ratiba, naye akamjibu kwamba ratiba haiumwi. Kisha akawageukia wagonjwa, akasema ataomba kibali dawa iliyobaki ghalani iendelee kutolewa wakati huo wote, na kwamba haahidi.

"Usituahidi," akasema Sada. "Tuulize."

Profesa alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana. Hakumsalimia. "Inauma kiasi gani?" aliuliza.

Sada alizungusha macho ukumbini: makoti, kamera, kaka yake aliyekuwa anajifuta jasho, watu wote wale waliokaza shingo wasikie.

"Watoe nje kwanza hawa," akasema.

Profesa akawatoa. Wakainuka wafadhili, wakainuka watu wa magazeti, akatoka Maulidi. Mtu wa wizara alikuwa wa mwisho, na ndiye aliyefunga mlango.